Zimamoto Yetu Ilikuwa Mwano

Wageni kutoka mjini huniuliza kituo cha kwanza cha zimamoto huku kwetu Bariadi kilijengwa lini. Huwajibu kwamba zimamoto ya kwanza haikujengwa na mtu. Haikuwa na gari wala kengele, lakini ilikuwa na utaratibu, ilikuwa na adhabu, na aghalabu ilifika kabla paa halijaanguka.

Nauzungumzia mwano, yowe la Kisukuma la kuomba msaada. Mwano hupigwa ng'ombe wakiibwa, fisi akiingia zizini, mtoto akitumbukia kisimani, na nyumba ikishika moto. Anayeusikia haulizi umepigwa kwa nani. Naye huupiga, na wa mbali zaidi akaupokea, hivyo sauti hukimbia kaya hadi kaya na miguu ikaifuata. Wanaotoka ni watu wa nzengo, yaani kaya za jirani zilizofungwa na desturi ya kusaidiana katika kilimo, misiba na ulinzi. Asiyetoka bila sababu hupigwa mchenya: atatoa mfugo, chakula au fedha, kadiri wenzake watakavyoamua. Akikataa kulipa, atakaa peke yake. Hapaliliwi shamba, hachotewi maji, na siku akifiwa ataona mwenyewe.

Baadhi ya wasomi wenzangu waliliona jambo hili kuwa la kishamba. Mimi nilipata kusoma kwamba mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na majirani zake waliunda chama cha kujitolea kuzima moto. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi, na mifuko ya kuokolea mali. Aliyekosa mkutano wa kila mwezi alitozwa faini, na fedha hizo ndizo zilizonunua pampu, ngazi na kulabu. Nilicheka peke yangu. Kumbe hata kule kujitolea kulihitaji mchenya!

Msomaji asiyeijua nchi yetu ataelewa jambo hili akizijua siku za Septemba. Mvua zimekatika tangu Mei, nyasi ni njano, upepo unavuma, na malambo yamebaki tope. Wakati huohuo ndipo kanuni za zao la pamba zinapomtaka mkulima ang'oe miti yote ya pamba na kuichoma, mwisho tarehe 15 Septemba, ili kukata uzao wa wadudu. Kanuni ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini maana yake ni kwamba katika majuma makavu kuliko yote ya mwaka, karibu kila kaya inawasha moto shambani. Tena katikati ya miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilituondoa kwenye makazi yetu ya kutawanyika na kutupanga kwa mistari kama madawati. Shule na zahanati zilitusogelea, na hilo ni jema. Ila paa la nyasi lililokuwa mbali na jirani sasa lilikuwa hatua chache tu kutoka paa jingine, na cheche haikuhitaji safari.

Moto ninaoukumbuka zaidi ni wa mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Cheche iliruka kutoka shambani mchana, ikatua juu ya nyumba ya mama mmoja mjane. Ndani mlikuwa na marobota ya pamba yake ambayo mnunuzi alikuwa hajayachukua, na mtoto mchanga wa binti yake aliyelala. Mwano ulipigwa. Nilipofika na wanafunzi wa darasa la saba, binti alikwisha kumtoa mtoto, na kazi ilikuwa imegawanywa bila mtu kutoa amri. Vijana wepesi walikuwa juu ya mapaa ya majirani na magunia yaliyoloweshwa, wakipiga kila cheche iliyotua. Wanaume wa makamo waliyavuta mapaa ya upande wa upepo kwa miti yenye panda, wakiyabomoa yangali mazima. Mwenye nyumba mmoja alilia kuona paa lake likibomolewa. Wazee wakamwambia atalia vizuri zaidi kesho. Wanawake walikwisha kujipanga kuelekea lambo, na maji kidogo yaliyokuwamo mitungini yalitumika kulowesha magunia tu. Nyumba iliyokwisha kushika haikumwagiwa hata kata moja. Ilitupiwa mchanga na udongo.

Ukali huo wa kuchagua ndio elimu niliyoiona siku ile. Iliungua nyumba moja katika mstari mzima.

Kisha kulikuwa na pamba. Pamba si nyasi. Nyasi huwaka na kwisha, lakini robota la pamba humeza moto ukakaa ndani kimya, nje ukagusa baridi. Mzee mmoja alikataa watu wasiondoke. Marobota yalivutwa hadi uwanjani, yakapasuliwa, yakatandazwa na kufukiwa kwa mchanga, na vijana wa sungusungu wakalala hapohapo. Usiku wa pili lundo moja lilianza kutoa moshi. Nimewasimulia wanafunzi wangu wengi mkasa huo, katika somo la sayansi na katika somo la siasa pia.

Nimetaja sungusungu. Walianza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakaenea Usukumani kote, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Filimbi zao ziliupa mwano nguvu mpya. Baadaye mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipohimiza watu warudishe ngitili, yaani malisho yanayofungwa hadi kiangazi, ni nzengo hizohizo zilizofyeka njia za kuzuia moto na kumtoza aliyechoma.

Kwa upande wa Serikali, vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji hadi sheria ya mwaka 2007 ilipounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, makao yake makuu Bariadi, na sasa mwananchi anaweza kupiga namba 114 bila malipo. Nimefurahi. Lakini mwaka jana, katika mkutano wa kijiji, kijana mmoja alisimama akasema kwamba kwa kuwa namba ipo, mchenya wa kutokwenda kwenye moto ufutwe. Wengine wana biashara zao. Alipigiwa makofi, nami yakaniuma kidogo, maana baadhi ya mikono ile niliifundisha kushika kalamu.

Niliomba nafasi, nikawapa hesabu. Nyumba ya nyasi huteketea ndani ya nusu saa. Gari likiondoka mjini mara simu inapopigwa, likaenda kilomita 60 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, na kijiji kiko kilomita 45, litafika lini? Mtoto wa darasa la tano alijibu kabla ya watu wazima: dakika 45. Nikauliza dakika 15 za ziada ni za nani. Pakawa kimya. Mama mmoja akaongeza kwamba kwenye moto wa mwisho aliona simu nyingi zikipiga picha kuliko mikono iliyoshika ndoo, na hapo hata yule kijana alitazama chini.

Tulibishana hadi jua likazama. Mchenya ulibaki, ila aliye safarini amesamehewa, na mwenye duka anaweza kumtuma mtu. Kila kitongoji kitaweka pipa la mchanga na miti mitatu yenye panda, na anayepiga mwano atamtaja kwa sauti mtu mmoja wa kupiga 114. Kijana yule amepewa kazi ya kukagua mapipa. Juzi alipita kwangu, akalikuta langu nusu, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, jaza." Nimekwisha kulijaza.