Njia za Makala

Kwetu Kambove, Katanga, baiskeli ni kinga, na mkaa ni makala. Baba alikuwa fundi wa kinga, na watu wa makala ndio waliotulisha. Karakana yake ilikuwa kivuli cha mwembe kando ya barabara iendayo Likasi: sanduku la mbao la spana, bakuli la maji la kutafutia tundu la tyubu, kopo la grisi, na vipande vya tairi kuukuu vilivyoning'inia kwenye tawi. Kazi yangu ilikuwa kuosha goroli kwa mafuta ya taa na kuzihesabu ndani ya kifuniko cha kopo. Ikipungua moja, nilichekecha mchanga kwa vidole hadi giza liingie, kwa sababu kitovu cha gurudumu chenye goroli pungufu hakifiki mbali kikiwa na mzigo.

Kinga zilizoletwa pale zilikuwa Phoenix za China na Hero za India. Chuma kizito, gia moja, breki za fito. Mtu akinunua mpya mjini, hakuipakia kitu kabla haijapita kwa baba. Baba aliivua yote, kisha akaanza kuijenga upya. Uma wa mbele aliuongezea nondo pande zote mbili. Chini ya kibebeo alichomelea vyuma vya kukiegemeza kwenye ekseli. Njiti za gurudumu la nyuma alizibadilisha kwa nene zaidi. Mwisho alifunga fito ndefu kwenye usukani na nyingine wima nyuma ya tandiko, ili mwenye kinga atembee pembeni, mkono mmoja ukielekeza, mwingine ukisukuma. Breki alizitoa akazitupa sandukuni. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba mifuko minne ya makala haisimamishwi na kipande cha mpira. Inasimamishwa na mwili.

Nilikuja kuona maana yake kwenye mteremko. Watu wa makala walishuka alfajiri, kinga zimejaa mifuko kuwapita urefu, nao wameegemea nyuma kwa uzito wao wote, visigino vimekita ardhini, wanazizuia zisiwakimbie. Hawakuwa wakiongea. Vumbi jekundu lilikuwa limewaganda hadi kope. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu aliyoiita Makala, inayomfuata Kabwita Kasongo, mchoma makala wa upande wa Kolwezi, tangu anapouangusha mti hadi anapoingia mjini akisukuma mzigo wake, na ikatunukiwa tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Nilipoitazama, macho yangu yalikwenda kwanza kwenye ile fito ya usukani na namna kamba zilivyopishana juu ya mifuko. Haikuwa kazi ya baba, lakini ilikuwa elimu ileile.

Kuendesha kwa raha hakukuwa na jina kwetu. Mtoto alijifunza kwenye kinga ya mtu mzima, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande, kwa sababu tandiko lilikuwa juu mno. Tulijifunzia kwenye vichuguu. Atakayefika Katanga ataviona: vilima vya mchwa vinavyopita paa za nyumba kwa urefu, watu wanachimba udongo wake kufyatulia matofali. Tulipandisha kinga hadi kileleni, tukajiachia. Baba alipogundua kwamba ile Hero ya mteja imeshuka kichuguu mara nane kabla ya chakula cha mchana, hakunichapa. Alinipa kinga hiyo na kuniambia niivue kitovu cha nyuma, nioshe goroli zote, nipake grisi upya. Nilimaliza usiku kwa taa ya chemli.

Kuhusu chakula alikuwa na msemo mmoja aliowaambia vijana waliotaka kuingia kazi ya makala: "Kinga haina na motere, mwana. Motere njo tumbo." Injini ya kinga ni tumbo. Watu wale walibeba bukari, yaani ugali, la jana lililofungwa kwenye jani au kitambaa, samaki mkavu, na mfuko wa muhogo mbichi na kalanga. Muhogo na kalanga ni chakula ambacho sijaona bado kinachokishinda njiani: kimoja kinajaza, kingine kina mafuta, vyote viwili vinatafunwa huku unatembea, wala jua haliviharibu. Cha kunywa kilikuwa munkoyo. Mama aliupika nyumbani akiwauzia kwa kikombe. Unga wa mahindi unapikwa uji, unaachwa upoe hadi kidole kivumilie, kisha unatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo inaulainisha uji. Kufikia asubuhi ule uzito umeondoka, umebaki utamu wenye uchachu kidogo. Ukilala siku mbili zaidi unaanza kupanda kichwani, na mama hakuwauzia wenye safari huo wa siku ya tatu hata wakiuomba.

Mwaka 2009 nilikuwa na mshahara, na nilikuwa Lubumbashi, mtaa wa Kenya, nilipoiona VTT, yaani baiskeli ya milimani, ya kwanza iliyoniita. Ilikuwa imetoka Ulaya ndani ya kontena pamoja na majokofu na magodoro. Rangi imebanduka, jina la kampuni halisomeki, lakini ilikuwa na gia 21, tairi zenye meno, na uma wa mbele wenye springi. Niliifunga juu ya basi hadi Likasi, na kutoka hapo niliiendesha kilometa 25 hivi hadi nyumbani. Njiani nilikuwa naminya usukani kila dakika, niione springi ikizama na kurudi.

Baba alikuwa ameshazeeka, bado yuko chini ya mwembe. Aliizunguka kinga yangu. Akaisukuma chini kwa viganja, ikainama, ikainuka.

"Inabeba mifuko ngapi?"

"Haibebi kitu, baba. Inanibeba mimi."

Alinyamaza. Alilinyanyua gurudumu la mbele, akalizungusha, akasogeza sikio. Alisikiliza hadi liliposimama lenyewe. Kisha akasema goroli ni nzuri, akarudi kwenye kazi yake. Nilikaa na jibu langu siku nyingi. Halikuwa baya, lakini lilikuwa jepesi mbele ya mtu aliyetumia maisha yake akiimarisha vyuma vya watu.

Baadaye nilisoma mchezo wa VTT ulikotoka, na hapo ndipo tulipokutana tena mimi na baba. Tarehe 21 Oktoba 1976, kwenye vilima vya Marin huko California, kundi la vijana walishindana kushuka mteremko wa vumbi kwa baiskeli nzito za zamani, nyingi zenye gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Joto la breki liliunguza grisi ndani ya kitovu hadi ikatoka moshi, na kila baada ya mbio iliwabidi wafungue kitovu na kukijaza grisi upya. Ndiyo sababu mashindano yale yaliitwa Repack, yaani kujaza upya. Miaka 20 tu baadaye, Atlanta 1996, mchezo ule ukaingia kwenye Olimpiki. Nilipomsimulia baba, sikuhitaji kumweleza habari ya grisi. Breki ya namna ile aliijua kwa jina la torpedo, na aliangua kicheko cha furaha, akinikumbusha ile Hero ya mteja na usiku ule wa chemli. Aliona fahari, nami niliona fahari pamoja naye: Wamarekani wale walianza na chuma kilekile alichokuwa akikifungua kila siku.

Tangu hapo Jumapili zangu zina mpango mmoja. Baada ya misa tunakutana watu wanne, watano. Kofia zetu mbili ni za baiskeli, zilizobaki ni za mgodini. Mikoba ya viraka tumeishona kwa tyubu za pikipiki. Kiangazi, mnyororo tunaufuta kwa brashi kavu na kuupaka mafuta tone moja kila pingili, kwa sababu vumbi la kwetu likichanganyika na mafuta mengi linakuwa tope linalotafuna meno ya gia. Masika, udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na uma hadi gurudumu linakataa. Kijiti cha kuukwangulia kiko mfukoni mwa kila mtu. Sijali sana kifaa cha bei. Ninajali kitovu kilichokazwa sawasawa, kisichocheza wala kubana, na hilo nililirithi.

Vijana huja na biskuti na zile soda za nguvu. Mimi nimebaki na muhogo na kalanga, viazi vitamu vilivyochemshwa kwa chumvi, na kichupa cha asali ya msituni. Kuanzia Oktoba kuna matunda ya masuku yaliyodondoka chini ya miti, unasimama, unaokota, unafyonza, unatema kokwa, unaendelea. Mvua zikikolea, akina mama hupanga uyoga kando ya barabara, nasi hurudi na mafungu yamening'inia usukanini. Jioni ni bukari la moto na kalembula, yale majani ya viazi vitamu, na wenye kunywa hufungua bia ya Simba baridi.

Nchi yenyewe ni ya shaba, na baiskeli inakufundisha hivyo kwa miguu yako. Unapita ndani ya miombo, kivuli, majani makavu, halafu ghafla miti inakoma na mbele yako kuna kilima cha nyasi tupu. Udongo pale una shaba nyingi mno kwa mizizi ya miti. Lakini kuna mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoupenda udongo huo; wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, wengine huuita ua la shaba, na watafuta madini waliufuata kama alama. Mawe ya kijani yanachungulia njiani. Kwa ajili ya mawe hayo reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Kambove mwaka 1913. Upande wa Shinkolobwe, ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, hatuendi.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba nimegundua kitu kipya. Njia nyembamba kuliko zote, zile zinazojipinda kati ya vichuguu, laini kama sakafu iliyosiribwa, nilidhani ni za ardhi yenyewe, kama mto ulivyo wa ardhi. Kisha zikaanza kupotea. Barabara kuu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ilikuwa imewekwa lami upya, pikipiki za bei nafuu zikaenea, malori yakawa yanafuata makala hukohuko porini, na wachomaji nao wakazidi kwenda mbali kwa kuwa miti ya karibu ilikwisha. Kinga za fito zikapungua. Masika moja nyasi zilifunga njia ya kwanza. Masika yaliyofuata vichaka vilikuwa kifuani. Kwingine tulikuta uzio na mlinzi. Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikiendesha: kila njia niliyoipenda ilikuwa imekanyagwa na gurudumu lililobeba mifuko minne, alfajiri baada ya alfajiri, na mtu aliyekita visigino. Sisi watano na springi zetu hatuna uzito wa kutosha kuzizuia nyasi zisiote.

Simtamanii mtu yeyote ile kazi. Nimewaona wazee wake, magoti na migongo yao; nimemwona mmoja akishika ukingo wa meza ili asimame. Pikipiki imewaokoa wengi, nami naishukuru. Na njia zao nazitaka zibaki. Mambo haya mawili nimeacha kuyalazimisha yapatane.

Baba alifariki mwaka 2016. Sanduku la mbao ninalo, na zile breki alizozitupa humo bado zimo, jozi kwa jozi, mpira umekauka. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, tulikusanyika chini ya mwembe tukitazama simu moja watu sita, Tadej Pogačar akiwaacha wenzake kwenye milima. Mdogo wetu kuliko wote, mwenye miaka 17, hakuuliza habari ya mshindi. Aliuliza watu wale wanakula nini katikati ya safari ndefu vile. Nilimpa kalanga.

Siku hizi kila mwisho wa mvua, kabla nyasi hazijakauka, tunatenga Jumapili mbili za kazi. Hakuna kuendesha. Tunabeba panga, majembe mawili na chakula, tunaingia pale njia ilipofungwa. Aprili iliyopita tulianzia kilima cha maua ya zambarau tukishuka hadi kijitoni, mita 600 hivi kwa siku nzima, na mikono ilitoka malengelenge. Tulikuwa tumeketi kutafuna muhogo tuliposikia mnyororo mkavu ukilia. Alitokea mtoto wa miaka tisa au kumi juu ya Phoenix kubwa, mguu umepita chini ya bomba, mwili umepinda, bidoni (dumu) ya manjano imefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Alisimama alipotuona. Ndani ya bidoni mlikuwa na munkoyo wa mama yake, anaupeleka kwa wachimbaji. Tulinunua vikombe vitano. Nilimwomba ainyanyue kinga kidogo, nikautia mnyororo wake mafuta, tone kwa kila pingili, nikalizungusha gurudumu na kusogeza sikio. Goroli mbili au tatu zilikuwa zimepungua. Nilimwelekeza mwembe ulipo. Akapanda, akashuka kwa njia tuliyoifungua asubuhi, akizuia mwendo kwa kisigino.