Bendera na Viatu vya Mbio

Tulipokuwa seminari ndogo, timu yetu iliondolewa uwanjani kabla ya filimbi kupulizwa, kwa kuwa wakubwa wetu na wa shule jirani walikuwa na ugomvi wao. Tulirudi garini tungali na njumu miguuni. Hata sasa, nasi tumevuka miaka arobaini, jambo lile latuuma kuliko mabao yote tuliyowahi kufungwa.

Ndiyo maana hatuwasahau wanamichezo wa Komoro. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi ilianza mwaka 1979 huko Réunion, na mwaka 2015 ilikuwa imerudi huko huko. Vijana wa Mayotte walipopita siku ya ufunguzi na bendera ya Ufaransa, Komoro ililalamika kuwa makubaliano yamekiukwa, ikajitoa, na wanamichezo wake wakarejea nyumbani.

Hatusemi kwamba Komoro haikuwa na hoja. Visiwa vitatu vilipojitawala mwaka 1975, Mayotte ilibaki na Ufaransa, nayo Komoro haijaacha kuihesabu kuwa kisiwa chake cha nne. Hata lugha zao ni ndugu, na ni jamaa za Kiswahili chetu. Lakini kijana aliyeamka alfajiri miaka yote ile kufanya mazoezi, nani alimwuliza?

Komoro ilirudi mwaka 2019, michezo ilipofanyika Morisi. Bila shaka wako ambao kufikia hapo umri wao wa kukimbia ulikuwa umekwisha kupita.