Mkungu Uliouzwa Mara Mbili

Wengi wanaoandika kuhusu Kilimanjaro hutazama juu. Hata Hemingway, kwenye ile hadithi yake ya mwaka 1936, aliweka theluji ya mlima kwenye jina lenyewe. Mimi nimezaliwa Machame, na nakuambia ukweli msomaji: kilele tulikiona siku ambazo mawingu yalitaka. Tulichokiona kila siku ni migomba. Ukitaka kuwajua watu wa migombani, usije siku ya kupanda mlima. Njoo Jumapili ya sikukuu ya mavuno.

Siku hiyo kanisa letu la Kilutheri linageuka soko. Watu wanaingia na mikungu ya mshare kichwani, magunia ya mahindi kutoka mashamba ya tambarare, maharage, magimbi, maparachichi, kuku waliofungwa miguu. Jogoo anawika katikati ya mahubiri na hakuna anayegeuka. Baada ya baraka vyote vinatolewa nje, mzee wa kanisa anapanda juu ya benchi, na mnada unaanza.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na desturi ya kwao Ujerumani ya kushukuru mavuno kanisani. Lakini hawakukuta watu wasiojua maana ya mavuno. Wachagga walikuwa wakilima ulezi na kuumwagilia kwa mifongo, mifereji waliyoichimba wenyewe kushusha maji ya mlimani, na ulezi huo uliishia kwenye mbege. Bila mbege huposi, husuluhishi, huziki. Kisha ikaja kahawa. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Kahawa ikajenga nyumba, ikasomesha wazazi wetu. Bei ilipoanguka, wengi waliing'oa.

Baba naye aliing'oa. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Babu aliwagawia wanawe wawili kihamba kimoja, mpaka ukapandwa masale. Baba mkubwa alidai kwamba baba, katika kung'oa kahawa, aling'oa na masale, akayarudishia hatua mbili ndani ya kwake. Baba akakataa katakata. Hatua mbili tu, jamani! Kwa miaka kumi na moja hawakusalimiana. Mfongo unapita kwanza kwa baba mkubwa, basi taratibu maji yakaacha kufika kwetu. Baba alipofariki, kaka yake alikuja, akatupa udongo kaburini, akaondoka bila kula. Kwetu, kuondoka msibani bila kula ni kusema yote bila kufungua mdomo.

Mwaka jana ndiyo ilikuwa sikukuu ya kwanza bila baba. Nilipanda basi kutoka Dar, nikamkuta mama ameshakata mkungu. Kwenye kikonyo chake alikuwa amefunga jani la isale.

Asiyetoka kwetu ataona jani tu. Lakini isale hilohilo linaloonyesha mpaka ndilo unalompelekea mtu uliyemkosea, kumwomba msamaha. Kwa mila, kulikataa ni jambo zito.

"Mama, lakini si sisi tuliokosa."

"Mwanangu, nimekuuliza nani kakosa? Beba."

Nikabeba. Njia nzima nilikuwa na hasira, nikiona tunajidhalilisha mbele ya usharika mzima.

Zamu ya mkungu wetu ilipofika, mzee wa mnada aliunyanyua, akaliona jani, akanyamaza kidogo. Watu nao wakanyamaza. "Haya, elfu kumi, nani anaongeza?" Mmoja akasema kumi na tano. Kisha sauti ikatoka nyuma, kwenye kivuli cha mti: "Hamsini." Alikuwa baba mkubwa.

Hakuna aliyeongeza.

Mnada wetu una tabia moja ninayoipenda. Ukishanunua unaweza kusema, "Narudisha, kiuzwe tena." Nimeshaona yai moja likiuzwa mara saba, kila mnunuzi akilipa na kulirudisha, mpaka likawa ghali kuliko kuku aliyelitaga. Ndiyo maana hata bibi kizee asiye na kitu haoni aibu kuleta yai.

Baba mkubwa alikuja mbele na fimbo yake. Akalifungua jani polepole, vidole vikitetemeka, akalikunja, akalitia mfuko wa ndani wa koti. "Namrudishia Mungu," akasema. "Uzeni tena." Akarudi kivulini bila kunitazama.

Sikujua nimekubaliwa au nimekataliwa. Mkungu ulipouzwa tena niliununua mimi, elfu thelathini, nikaubeba mpaka nyumbani. Mama hakuuliza bei. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na jani, kalirudisha?"

"Hapana."

Akavuta kigoda, akaanza kumenya ndizi za mtori.

Nilirudi Dar bila kumwona baba mkubwa. Wiki ya tatu mama akapiga simu. Tukaongea habari za mvua na za ng'ombe, ndipo akasema, kama jambo dogo tu, kwamba asubuhi alisikia jembe upande wa juu, akachungulia. Shemeji yake alikuwa anazibua mfongo.

"Mmeongea?"

"Ameniuliza kama maji yamefika. Nikamwambia yamefika."

Mpaka haujapimwa upya mpaka leo. Zile hatua mbili ziko palepale, na sijui ni za nani. Mwaka huu nimeshaomba ruhusa kazini mapema. Mama anasema kuna mkungu mmoja mzuri karibu na mfongo, tusiuguse hadi siku yake ifike.