Risasi Ndogo, Mnyama Mkubwa

Jioni moja ya Novemba, mvua ilipokuwa imekwisha kunyesha na mifereji ya Buyenzi ingali inabubujika, mama mwenye nyumba alimwomba mumewe apande juu ya kabati atazame mahali dari linapovuja. Mume huyo ni polisi, na siku hiyo alikuwa na likizo. Aliupitisha mkono gizani akashusha bati la biskuti la zamani, zito kuliko umbo lake. Ndani mlikuwa na risasi za bunduki ya kuwindia, kila moja imeviringishwa katika kipande cha gazeti la Kifaransa kilichogeuka rangi ya chai, na pembeni mizani ndogo ya shaba yenye visahani viwili. Watoto walikuwa wamekwisha kukusanyika chini ya kiti.

Bati lilikuwa mali ya mzee wa nyumba, baba mzazi wa mama huyo, ambaye sasa amevuka miaka 80. Katika ujana wake, Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura, mzee huyo alikuwa mbeba bunduki wa Mbelgiji mmoja aliyependa kuwinda pongo katika bonde la Rusizi siku za Jumapili. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Mbelgiji alirudi kwao akamwachia bunduki, aina ya Mauser yenye kipenyo cha milimita 7. Mwaka 2009, ilipotungwa sheria ya silaha ndogo na raia wakapewa nafasi ya kuzirudisha, mzee aliipeleka bunduki mwenyewe, mchana, imefungwa katika mkeka. Risasi zikasahauliwa darini. Kusahau huko si kwa ajabu. Wengi huhesabu bunduki kuwa ndiyo silaha, na risasi huziona kama misumari iliyobaki baada ya kuezeka.

Yule polisi hakukasirika. Alikuwa na jambo jingine moyoni. Rafiki yake analima kabichi na lengalenga upande wa Gatumba, na kwa majuma mawili kiboko alikuwa akitoka majini usiku na kuzifanya bustani zake kuwa uwanja. Rafiki huyo alikuwa amesikia habari za mtu mwenye bunduki ya milimita 7. Basi mkwe akaketi mkekani, kwa adabu na kwa mbali kidogo kama ipasavyo mbele ya baba mkwe, akauliza: “Baba, katika hizi, ipi ingemlaza kiboko?”

Mzee hakujibu upesi. Aliagiza watoto wapelekwe kulala, kisha akaomba kitambaa cheupe. Akazifungua risasi moja moja, akazipanga mafungu matatu. Zilikuwa 41.

Fungu la kwanza vichwa vyake vilikuwa virefu, vya mviringo mbele kama ncha ya kidole, vimefunikwa kwa madini magumu pande zote. Fungu la pili vilionyesha ncha ya kijivu, madini ya risasi yenyewe, laini hata ukucha huweza kuyachora. La tatu vilichongoka kama kalamu, mfano wa zile za jeshini. Mkwe, kwa mazoea ya kazi yake, alinyosha mkono kwenye zile zilizochongoka. Mzee akautikisa kichwa.

Hapa ndipo watu wengi wenye mafunzo ya kijeshi hukosea wanapoyazungumza mawindo. Risasi iliyochongoka hukata upepo vizuri na kwenda mbali. Ndiyo sababu majeshi ya dunia yaliipokea tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Lakini uzito wake umekaa nyuma. Ikigonga nyama hupenda kugeuka, kitako kikatangulia, nayo huenda isikotumwa. Risasi ndefu yenye ncha ya mviringo husafiri kwa uvivu zaidi, ila ikiingia hushika njia yake. Na ile yenye ncha laini hupanuka mithili ya uyoga mara inapogusa mwili, ikalimaliza swala mahali aliposimama badala ya kumwacha akimbie na jeraha hadi vichakani akafe siku ya tatu.

Kuna jambo ambalo askari wetu wanalijua kwa upande mmoja tu. Risasi hizo za kupanuka zimekatazwa vitani. Waingereza walizitengeneza Dum Dum, karibu na Calcutta huko India, na mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yalitoa azimio la kuziharamisha baina yao kwa sababu ya ukatili wa majeraha yake. Kwa mwindaji wa swala, chombo kile kile huhesabiwa kuwa huruma. Mzee aliligusa jambo hili kwa maneno machache: mtu akijeruhiwa anaweza kupelekwa hospitali, mnyama hana hospitali.

“Basi hiyo laini kwa kiboko?” aliuliza mkwe.

Kwa kiboko hapana. Mnyama huyo hupita kilo 1,500, na ngozi yake mahali pengine hufikia unene wa sentimita 5. Kichwa laini cha milimita 7 kingefunguka nje nje, kikamwachia donda na hasira. Wakazi wa mwambao wa Tanganyika hawahitaji kufundishwa mnyama mwenye donda hufanya nini. Yule mamba wa Rusizi aliyepewa jina la Gustave, aliyeogopwa tangu miaka ya 1990, alijulikana pia kwa makovu ya risasi mwilini. Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa akiwa hai kwa tundu kubwa la chuma, na filamu ya mwaka 2004 ikaonyesha jaribio hilo lililoshindwa. Waliompiga risasi walimwachia makovu tu, na mamba akaendelea na safari zake.

Fungu la kwanza ndilo mzee alilolishika kwa muda mrefu. Akasimulia habari aliyoisikia kwa Mbelgiji wake, nayo ni ya kweli: mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880, alizunguka Karamoja katika Uganda ya leo akiwinda tembo kwa bunduki ya kipenyo hiki hiki. Tembo aliowaua katika maisha yake walipita 1,000, wengi wao kwa risasi ya gramu 11 hivi, ndefu, ya ncha ya mviringo, iliyofunikwa yote. Wenzake walibeba mizinga ya kuvunja mabega. Siri yake haikuwa uchawi. Alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi kwa kila upande, kisha akakaribia kwa subira mpaka awe na hakika. Risasi nyembamba na nzito hupenya. Mkono ndio unaoamua inapenya wapi.

Mbelgiji alipenda kuisimulia habari hiyo, ila mwenyewe hakuwahi kumpiga tembo hata mmoja. Nchi nyingine baadaye zilikataa kabisa mfano wa Bell. Tanzania, kwa mfano, humtaka mwindaji wa wanyama hatari atumie bunduki isiyopungua kipenyo cha .375, yaani karibu milimita 9.5, kwa kuwa sheria haiwezi kuandikwa kwa kipimo cha mtu mmoja mwenye shabaha ya ajabu.

Mkwe akaona amepata jibu, akaanza kuzitenga zile za mviringo. Ndipo mzee akamshika mkono.

“Mwanangu, hizi si za kiwanda. Hizi zimeshindiliwa mezani.”

Neno kushindilia ni la kale katika Kiswahili. Babu zetu walishindilia magobore kwa mdeki: baruti kwanza, kisha risasi, na fataki mwisho. Mbelgiji alifanya kazi hiyo hiyo kwa namna ya kisasa. Maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika hayakutupwa. Kijana mbeba bunduki aliyaosha kwa maji ya moto na siki, akayaanika. Bwana wake akang'oa fataki iliyokufa, akatia mpya, akapima baruti kwa ile mizani ndogo, akakandamiza kichwa kipya juu. Kwa njia hiyo alipata risasi nafuu, naye aliweza kuchagua kichwa kwa kila mnyama.

Lakini kipimo cha kazi hiyo ni punje, na gramu moja ina punje zaidi ya 15. Punje chache za ziada hutenganisha shabaha njema na mtambo wa bunduki uliopasuka usoni. Zipo baruti ziunguazo upesi na ziunguazo polepole, na kwa macho hufanana kama chumvi na sukari. Joto nalo huongeza nguvu: risasi iliyoachwa juani dirishani haipigi sawa na iliyokaa kivulini, ndiyo sababu viwanda vya Uingereza vilitengeneza za nchi za joto kwa kipimo pungufu. Ganda lililojazwa mara nyingi hufanya ufa shingoni. Fataki huzeeka. Mwenye kuyajua hayo yote kuhusu risasi hizi 41, na kuyaandika katika daftari, alikuwa Mbelgiji peke yake, na daftari lake aliondoka nalo mwaka 1962.

Mzee akainua kofia yake. Juu ya nyusi ya kulia pana kovu ambalo bintiye siku zote alidhani ni la mwiba. Siku moja bondeni fataki iligongwa, bunduki ikanyamaza. Bwana alikuwa amekwisha kumpa kijana bunduki, na kijana, kwa pupa, akafungua mtambo. Baruti iliyochelewa ikawaka wakati huo huo. Kila askari hufundishwa kuwa bunduki ikigoma, mtutu huelekezwa mahali salama na mtu husubiri nusu dakika au zaidi. Yule kijana hakuwa amefundishwa na mtu. Kipande cha shaba kilipita kidole kimoja tu juu ya jicho. Mkwe alilitazama lile kovu, akazirudisha risasi kitambaani.

Mama wa nyumba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama si heri kuzimwagia mafuta, au kuzitupa ziwani. Waume wote wawili walikataa. Mafuta hayaui baruti kwa hakika, na kilichotupwa ziwani au kuzikwa uani hufukuliwa na mvua au na mtoto. Tena kuna hatari ya wauza vyuma chakavu, ambao hununua shaba kwa kilo na wengine huipondaponda kwa nyundo bila kuuliza imetoka wapi. Risasi za zamani hazipasuliwi nyumbani, haziwekwi karibu na mbabura ya makaa, wala hazipelekwi mbali kwa miguu ya watoto. Hukabidhiwa polisi kama zilivyo.

Mkwe akachukua karatasi akaandika idadi ya kila fungu. Mzee, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu, akaweka kidole gumba katika wino chini ya hesabu. Aliona haya kidogo. Alisema asingependa wakubwa wa mkwewe wadhani alificha kitu mwaka ule wa kurudisha bunduki. Mkwe akamwambia kwamba atakayeuliza ataonyeshwa magazeti yale, yenye tarehe za kabla hata yeye hajazaliwa.

Kuhusu kabichi za Gatumba, kiboko ana miguu mifupi na hapendi kupanda. Mtaro wenye kingo wima, au ukuta mfupi wa mawe kuizunguka bustani, humrudisha alikotoka, tena bila kesi ya kuua mnyama wa hifadhi. Rafiki alipoambiwa alinung'unika juu ya gharama ya mawe. Juma lililofuata alianza kuchimba.

Asubuhi polisi aliondoka na bati mapema, kabla ya watoto kuamka. Mizani ilibaki. Mama aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, na sasa anapimia iliki na karafuu za pilau, anazofunga katika vikaratasi vidogo na kuziuza sokoni Buyenzi. Mzee humsahihisha mara kwa mara, akimwambia asubiri visahani vitulie kabisa kabla ya kusoma.