Nyani Asiyetukimbia

Kazi yetu Amboseli ni kumzoesha nyani mpaka atupuuze. Humpi chakula, humgusi, humwiti. Unamfuata mmoja kwa dakika 10 ukiandika anakula nini na nani anamchambua chawa, kisha unahamia kwa mwingine. Mbinu hiyo mtafiti Jeanne Altmann aliieleza mwaka 1974. Yeye na mumewe Stuart walikuwa wameanza kuwatazama nyani wa huku Kajiado mwaka 1963.

Wageni huuliza kama hatuna huruma. Mama nyani hubeba maiti ya mtoto wake siku kadhaa, nasi tunaandika tu. Mimi kinachonisumbua ni kingine: ule woga tuliomtoa. Nyani wengi bado humtambua mchungaji mwenye mkuki wakatimka. Lakini sina hakika kila mmoja atamtambua, kila siku, na wa kulipia kosa hilo ni nyani, si mtafiti.

Tena tulishaona ukaribu unavyofanya. Kundi moja liligeukia jalala la hoteli ya watalii. Likatembea kidogo, likashiba, na majike wakawa na mafuta mwilini mara nyingi zaidi ya wenzao wanaochimba mizizi ya nyasi. Hakuna aliyewafuga, mabaki ya jikoni yalitosha.

Ndiyo maana jirani yangu hapa Kitengela aliponionyesha mtoto wa tumbili aliyefungwa kamba mlangoni, kavalishwa fulana, sikucheka. Anasema alimwokota. Huenda, ila mara nyingi mtoto wa tumbili hapatikani mpaka mama yake aondolewe. Na kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Nilimweleza habari za sokwe wa Sweetwaters, kule katika hifadhi ya Ol Pejeta. Kituo kilifunguliwa 1993 kupokea yatima kutoka Burundi, maana Kenya haina sokwe wa porini. Mmoja wao alikuwa amekaa miaka katika kizimba chembamba hata akazoea kutembea wima kama mtu. Watalii walimpiga picha wakifurahi. Msituni hakuweza tena kurudishwa, na majike wa hapo hupewa dawa za kuzuia mimba ili wasizaliwe wengine wa kuishi ndani ya ua.

“Nimekuelewa, mwalimu,” jirani akasema. “Nitawaita maafisa wa wanyamapori wa KWS likizo ikiisha, watoto wamemzoea.”

Nikamwambia likizo ikiisha atakuwa ameanza kung’ata. Namba ya KWS nilimwandikia hapohapo.