Kabla Hujamtaja Mtu, Gawa kwa Tisa

Manundu, Korogwe

Mpwa wangu,

Ningeweza kukupigia simu, ila jambo la hesabu huonekana, halisikiki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unasema daftari la mauzo limeizidi droo kwa shilingi 27,000, na moyo wako umeshamwangukia binti mnayeuza naye mahindi hapo Handeni. Ngoja kwanza. Kabla hujamtaja mtu, gawa hiyo tofauti kwa tisa. Inatoka 3,000 kamili, haibaki kitu. Hiyo ni dalili.

Msingi wake ni huu. Chukua shilingi 10, uzipange mafungu ya tisa tisa: inabaki moja. Chukua 100: inabaki moja. Hata 1,000, vilevile. Kwa hiyo ukitaka kujua namba yoyote inabakiza nini mbele ya tisa, jumlisha tarakimu zake tu, na tisa ukiikuta itupe.

Tuseme umepokea magunia 47 ya kilo 95, ukapata kilo 4,465. Nne na saba ni 11, moja na moja ni 2. Tisa na tano ni 14, yaani 5. Mbili mara tano ni 10, yaani 1. Sasa jibu lako: 4, 4, 6 na 5 ni 19, kisha 10, kisha 1. Zimelingana. Ungeandika 4,365, ungepata 18, yaani tisa, ukaitupa ukabaki na sifuri. Hapo ungejua umekosea hata bila kurudia hesabu.

Ujanja huu si wangu. Karibu miaka 1,000 iliyopita Kushyar ibn Labban, mtu wa Gilan huko Uajemi, aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi, na humo akaweka njia hii ya uhakiki. Waarabu waliiita kwa neno ambalo nasi tunalo: mizani.

Lakini ijue mizani yenyewe ilivyo. Ikikataa, kosa lipo, usibishane nayo. Ikikubali, haijaapa. Andika 4,645 badala ya 4,465: jumla ni ileile 19, nayo itanyamaza kimya. Tarakimu zikipishana, tisa haioni.

Kwa hilo ipo mizani ya kumi na moja. Anzia kulia, toa na ongeza kwa zamu. Kwa 47: saba toa nne, 3. Kwa 95: tano toa tisa, imepungua nne, ongeza 11 upate 7. Tatu mara saba ni 21, toa 11 ibaki 10. Jibu sahihi, 4,465: tano toa sita, ongeza nne, toa nne, imepungua moja, ongeza 11 upate 10. Sawa. Lile la 4,645 linakupa 3. Limenaswa.

Turudi kwenye 27,000 yako. Udhaifu uleule wa tisa ndio utakaokusaidia. Tarakimu mbili jirani zikipishana, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Kwako imetoka 3,000: basi tafuta mahali pa elfu kumi na elfu, tarakimu zinazoachana kwa tatu. Huenda 36,000 imeandikwa 63,000, au 47,000 ikawa 74,000. Tena angalia sifuri: 3,000 iliyoandikwa 30,000 nayo inazaa pengo hilohilo. Pitia daftari zima kwa kidole, mstari kwa mstari, ukilinganisha na stakabadhi.

Usinielewe vibaya. Katika kila tofauti tisa za kubahatisha, moja hugawanyika kwa tisa bure tu. Dalili si hukumu, wala kwa kumsafisha binti huyo, wala kwa kujisafisha wewe. Inakuonyesha tu pa kuanzia, na pa kuanzia ni kwenye kalamu.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Nilipokuwa karani kijana kwenye shamba moja la mkonge, uzito wa marobota ulipungua kilo 180 kwenye hesabu zangu. Nikamnyooshea kidole mpakiaji mmoja, mbele ya watu. Jioni mzee wa ofisini akaiangalia ile 180, akasema, "Hii ni tisa mara ishirini," kisha akafungua daftari langu. Nilikuwa nimeandika 4,530 penye 4,350. Nilimfuata yule mpakiaji nikamwomba radhi. Alinisamehe, ila tangu siku hiyo hakuwahi tena kunywa chai nami. Kosa la daftari nililisahihisha kwa mstari mmoja wa wino mwekundu. Lile lingine sijapata wino wake mpaka leo.

Kwa hiyo hesabu, kisha hesabu tena. Usipoona kitu, muulize binti huyo faraghani, kwa swali, si kwa shutuma. Ukiona kosa ni la mkono wako, mwonyeshe ukurasa wenyewe, hata kama hakujua kwamba ulimshuku.

Ukilipata, niandikie tarakimu mbili tu zilizopishana. Nitaelewa.

Mjomba wako