Kibali cha kununua chupa

Najua kuna atakayebisha, kwa hiyo naanza na hili. Katika jimbo la Texas, Marekani, tangu mwaka 1989 mpaka 2019, mtu alitakiwa awe na kibali cha idara ya usalama ya jimbo ndipo anunue flaski ya koni. Ndiyo, ile ile! Kama ulisoma kemia sekondari basi uliishika kwa mkono mmoja ukiitikisa taratibu, mkono wa pili uko kwenye bureti, huku ukiomba Mungu rangi ibadilike kabla mwalimu hajapita. Kwenye orodha hiyo hiyo zilikuwemo flaski zenye shingo mbili na tatu, faneli za kuchujia, kipimajoto na hata transfoma.

Walioiandika hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wanawawinda wapishi wa methamfetamini, wakadhani wakibana vyombo watakuwa wamebana na upishi. Lakini mpishi wa namna hiyo ana shida gani na kioo kizuri? Akikosa flaski anachukua chupa ya soda. Aliyebaki kwenye foleni ya kibali ni yule asiye na cha kuficha.

Haya, tusicheke sana. Julai 7, 2005, watu 52 waliuawa kwenye treni na basi jijini London kwa mabomu yaliyotengenezwa kwa haidrojeni peroksaidi, kemikali ambayo ikiwa nyepesi dada zetu wa saluni wanaifahamu vizuri maana ndiyo inayobadilisha rangi ya nywele. Na hapa kwetu kuna nani aliyesahau Zanzibar ya mwaka 2012 na 2013? Viongozi wa dini walimwagiwa tindikali, na wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea nao wakamwagiwa Mji Mkongwe. Kwa hiyo anayeniambia kwamba serikali isiguse kabisa biashara ya kemikali, mimi na yeye hatuko pamoja. Uso wa mtu ukishaungua haurudi.

Ninachogombana nacho ni namna sheria hizi zinavyowagawa watu.

Chukua ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 1, 2021. Inataja kemikali zinazoweza kugeuzwa baruti na kuweka kiwango: haidrojeni peroksaidi isizidi asilimia 12, asidi ya naitriki asilimia 3, asidi ya salfuriki asilimia 15. Tindikali ya betri ya gari ni kama theluthi moja asidi, kwa hiyo ile wanayoimimina mafundi wa betri huku kwetu, wengine bila glovu, kule imeshavuka mstari. Juu ya viwango hivyo dunia inagawanywa mafungu mawili. Kuna mwenye kazi yake, yaani kampuni, kiwanda, mkulima, fundi aliyesajiliwa, huyu anauziwa. Kuna "mtu wa kawaida"; huyu hauziwi, labda nchi yake iwe imekubali kutoa leseni, na hata leseni ina kikomo chake. Ujerumani haitoi. Uingereza, ambayo ina sheria yake, inatoa.

Nina rafiki tuliyekaa naye dawati moja kidato cha pili na cha tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akituelekeza chumvi isiyojulikana ni ipi kabla sisi wengine hatujawasha hata moto. Maisha yakampeleka Uingereza, anaendesha basi, na siku za mapumziko anakusanya simu mbovu na bodi za kompyuta, anataka kuchomoa dhahabu iliyomo. Kazi hiyo inahitaji asidi ya naitriki. Muuzaji akamuuliza: una kampuni? Hana. Una leseni? Hana. Basi, biashara imeishia hapo. Akaanza kujaza fomu ya leseni: unataka ya nini, utaihifadhi wapi, uliwahi kupatikana na kosa gani, afya yako ikoje. "Kaka, nilijaza machache zaidi nilipoomba viza," aliniambia.

Mimi nikamjibu kwamba angalau kwao kuna fomu. Angekuwa Berlin angeambiwa hapana tu. Na kusema kweli asidi ya naitriki ikipikwa jikoni inatoa moshi wa rangi ya kahawia unaoweza kuua, kwa hiyo kuulizwa utaihifadhi wapi sioni kama ni uonevu. (Alininunia siku mbili.)

Lakini lile swali la kwanza, una kampuni, ndilo linalonikera. Angalia Norway. Mtu aliyelipua bomu Oslo Julai 22, 2011, kisha akaenda kuwapiga risasi vijana kisiwani Utøya, jumla watu 77, hakuwa amejificha chumbani kama kijana anayechezea kemikali. Alisajili kampuni ya kilimo. Akakodi shamba. Akaagiza mbolea kwa tani, na muuzaji akaona mkulima. Yaani kigezo kile kile ambacho rafiki yangu amekikosa, yeye alikitimiza kwa makaratasi. Sheria ya sasa ya Ulaya imejaribu kuliziba hilo: muuzaji anatakiwa aulize mnunuzi anafanya kazi gani na kemikali ni ya matumizi gani, na akiona jambo lisiloeleweka atoe taarifa ndani ya saa 24. Kipengele hicho nakiunga mkono kuliko vyote. Muuzaji mwenye macho anamzidi afisa mwenye orodha.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa kwenye kimaabara chake nyumbani kwao mashariki mwa London wakati wa likizo ya Pasaka. Alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, ile ile chungu tuliyomezeshwa na mama zetu. Hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipolisafisha kwa spiriti ikatoka rangi ya zambarau ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza kabla yake. Viwanda vya rangi za kemikali vilianzia hapo, na baadaye viwanda vya dawa vikachipuka humo humo. Potasiamu daikromati aliyoitumia leo haiuzwi kwa mtu binafsi katika Umoja wa Ulaya kwa sababu inaleta saratani, na hapo sina ugomvi. Ila mtu mwenyewe, kijana asiye na kampuni anayejaribu kitu chumbani kwao, angewekwa fungu gani?

Pengine fungu la yule mkemia mstaafu wa Massachusetts. Mwaka 2008 kiyoyozi cha ghorofani kwake kilishika moto. Zimamoto wakaja, wakazima, wakashuka chini na kukuta maabara. Kesho yake wakaja wengine, na kwa siku kadhaa wakawa wanabeba chupa zake kupeleka kuharibiwa. Walikiri kwamba vitu vile havikuwa vya hatari kupita vilivyomo kwenye nyumba nyingi. Kosa likawa kwamba kazi ya namna ile si ya kawaida kufanyika nyumbani. Mzee wa watu, kazi ya miaka mingi.

Sisi tuna Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Namba 3 ya mwaka 2003, na anayeingiza, kusafirisha au kuuza kemikali anatakiwa ajisajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ni vizuri. Lakini kwetu mtu asiye na taasisi ya kumbeba ni mtoto wa shule ya kata. Mpaka Rais Kikwete anatoa agizo la kujenga maabara tatu kila sekondari, wako waliomaliza kidato cha nne bila kuona bureti ila kwenye picha. Namfahamu mwalimu mmoja wa mkoani aliyefundisha asidi na besi kwa ndimu, magadi na maji ya rozela, ambayo kwenye ndimu yanazidi kuwa mekundu na kwenye magadi yanageuka kijani. Somo zima lilimgharimu chini ya bei ya soda. Nilipomuuliza kama anaogopa sheria zikikazwa alinitazama kama mtu aliyelewa. Yeye anachoogopa ni mkuu wa shule kumuuliza kwa nini darasa linanuka ndimu.

Rafiki yangu ameshatuma fomu yake, bado anasubiri jibu. Wakati huo huo ameniagiza niulizie mafundi simu wa Kariakoo, bodi mbovu wanauza kilo shilingi ngapi. Mwenye kujua aniambie.